Shangazi, niache wodi ya wazazi niende kutetea sera?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi mkunga mwenye stashahada, na mwaka huu natimiza miaka tisa kazini katika kituo cha afya kimoja huku kusini. Sitakitaja, nawe nakuomba hata ukikibahatisha usikitaje. Nina mume na watoto wawili.

Mwaka jana, masika yakielekea ukingoni, nilikuwa zamu ya usiku nikamzalisha mama wa uzao wa nne. Mtoto alitoka salama, akalia, nikamlaza kifuani kwa mama yake. Kondo la nyuma likatoka lote. Nikamchoma mama sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, kama tunavyomfanyia kila mzazi. Hazikupita dakika nyingi damu ikaanza kutoka kwa wingi. Nikakanda mfuko wa uzazi, nikaweka dripu, nikaongeza dawa, mfuko haukukaza. Nikapiga 115, na dereva wa m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura wa wazazi, akafika upesi kuliko nilivyotarajia. Yule mama alikata roho njiani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Alfajiri nikarudi na kanga zake.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Jokofu letu la dawa lilikuwa limekufa miezi mitano kabla ya usiku ule. Oksitosini ilikuwa inakaa kabatini, katika chumba ambacho mchana hukai bila kujipepea. Chumba cha pili kuna jokofu la chanjo, linatumia umeme wa jua, zima kabisa, na nusu yake ni tupu. Tuliambiwa hilo ni la chanjo tu, lisiguswe. Nilikuwa nimelisema jambo hili mara mbili kwenye kikao cha watumishi. Nikalisema mara ya tatu kwenye kikao cha kupitia kifo kile, likaandikwa "kuboresha utunzaji wa dawa", yakaishia hapo. Kwa uchungu nikaandika ujumbe mrefu kwenye kundi la WhatsApp la kata yetu, ambamo diwani yumo. Ukasambaa. Nikaitwa kujieleza kwa maandishi. Sikufukuzwa, ila nimetolewa wodi ya wazazi, siku hizi napima uzito wa watoto kliniki.

Sasa kuna shirika moja lisilo la kiserikali, lina ofisi Dodoma, lilipata habari zangu likanitafuta. Wananipa nafasi ya afisa utetezi wa sera za afya, mkataba wa miaka miwili, mshahara zaidi ya mara mbili ya huu wangu. Jibu wanalitaka ndani ya wiki tano. Mume wangu anasema niamue mwenyewe, lakini akisema hivyo anaangalia chini. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, yeye ndiye mkali: "Serikali haiachwi kwa ajili ya mradi." Na mkunga mwenzangu, tuliyesoma naye, aliniambia neno lililoniumiza kuliko yote, kwamba nawakimbia akina mama nikale semina hotelini.

Naomba uniambie, Shangazi. Mtu wa stashahada anaweza kweli kuwa mtu wa sera? Kazi yenyewe ikoje? Niende? Na je, ni kweli nakimbia?

Mkunga, Kusini

* * *

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako niliisoma nikafika kwenye zile kanga, nikaiweka chini, nikairudia jioni. Nilikuwa mkunga kabla sijawa mtu wa kushinda kwenye korido za ofisi za serikali na makaratasi kwapani. Najua uzito wa kanga za marehemu.

Nianze na jokofu, kwa sababu maswali yako yote yamo ndani yake.

Oksitosini inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ukiiacha kwenye joto inapoteza nguvu kimya kimya, wala kichupa hakibadiliki ukakijua kwa macho. Siwezi kukuambia kwamba dawa hiyo ndiyo iliyomponza yule mama, na wewe usiseme hivyo mbele ya mtu, kwa sababu mfuko wa uzazi huweza kugoma hata kwa dawa nzima. Ila una haki ya kusema kwamba kituo kilikuwa kinawachoma akina mama dawa ambayo hakuna aliyejua ina nguvu kiasi gani. Na hapa kuna jambo ambalo pengine hukuliona: Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF walishatoa tamko la pamoja kwamba oksitosini inaweza kutunzwa kwenye jokofu la chanjo, mradi ipangwe vizuri na iwekewe alama isichanganyike na chanjo. Ulichokiomba mara tatu kilikuwa kimeshaandikwa na wakubwa. Ulikwenda kikaoni na ukweli mtupu, mikono haina karatasi.

Simaanishi kukulaumu. Hakuna aliyekufundisha, wala mimi sikufundishwa. Lakini hiyo ndiyo kazi unayoniuliza ikoje. Mtu wa sera ni yule anayejua kila uamuzi unalala kwenye meza ya nani, meza hiyo hufunguliwa mwezi gani, na mwenye meza anaogopa nini.

Hebu tulifuate jokofu lako meza kwa meza.

Meza ya kwanza ni ya jokofu la chanjo lililopo. Hapo haihitajiki hata shilingi moja, unahitajika uamuzi. Wenye neno ni mratibu wa chanjo wa wilaya, mratibu wa afya ya uzazi na mtoto, na mfamasia wa wilaya. Juu yao yuko Mganga Mkuu wa Halmashauri. Mratibu wa chanjo anayekukatalia si mtu mbaya. Chanjo zikiharibika kwa sababu mlango unafunguliwa ovyo na kila anayepita, anayeulizwa ni yeye, na chanjo zikishaharibika hazirudi. Basi mpelekee jawabu la hofu yake. Mwambie oksitosini itakaa kwenye boksi lake lenye kifuniko na jina, rafu ya peke yake. Kila zamu inapoanza, mkunga mmoja atachukua vichupa vya zamu hiyo, avitie kwenye kibebeo cha chanjo chenye barafu iliyoanza kuyeyuka, apeleke chumba cha kujifungulia. Jokofu litafunguliwa mara moja kwa zamu, na anayefungua atasaini daftari. Ukimwandikia hivyo, kwa barua ya ukurasa mmoja iliyopita kwa mganga mfawidhi wako, nakala kwa mratibu wa uzazi, itambidi akujibu kwa maandishi, na kukataa kwa maandishi jambo lililopangwa hivyo ni kugumu kuliko kukataa kwa mdomo kikaoni.

Meza ya pili ni ya jokofu jipya la dawa, na hapo kuna fedha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo, hazisubiri tena kugawanywa na halmashauri. Ziongezee makusanyo ya papo kwa papo na malipo ya bima. Matumizi yake hupangwa kwenye mpango wa kituo, na mpango huo hupita kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wananchi ndani yake. Nikuulize, na ujijibu kwa moyo mweupe: katika ile miezi mitano, kuna mtu aliyeliandika jokofu kwenye mpango? Nimezunguka vituo vingi nikakuta kila mtumishi analalamikia kitu ambacho hakimo kwenye mpango wao wenyewe. Kisichomo kwenye mpango hakina kifungu, na kisicho na kifungu hakinunuliwi hata kama fedha ipo inalala benki.

Na mpango una majira yake kama shamba. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mwongozo wa bajeti hutoka mwishoni mwa mwaka wa kalenda, vituo vinapeleka mipango yao, halmashauri inaiunganisha kwenye Mpango Kabambe wa Afya, Baraza la Madiwani linaipitisha mwanzoni mwa mwaka, kisha inapanda mkoani na TAMISEMI, na Bunge linakaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni. Anayekwenda bungeni mwezi Juni kuombea kituo chake jokofu amefika harusini watu wanaosha masufuria. Diwani wako, yule aliyemo kwenye kundi la WhatsApp, meza yake iko wazi kabla ya Machi.

Meza ya tatu iko juu kabisa. Kuna dawa nyingine ya kuzuia damu kuvuja inaitwa kabetosini, ile isiyoharibiwa na joto, ambayo haihitaji jokofu, na WHO iliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Kuna pia ule utaratibu wa kuweka chini ya mzazi karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo, damu ikapimwa badala ya kukisiwa kwa macho, na matibabu yote yakatolewa kwa mkupuo. Ulijaribiwa kwenye hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yakatangazwa mwaka 2023: madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Asilimia 60, mwanangu! Soma tena. Hospitali za kwetu zimo humo ndani, si habari ya Ulaya. Lakini kutoka kwenye jarida la utafiti hadi kwenye chumba chako cha kujifungulia kuna mwongozo wa matibabu wa taifa, kuna orodha ya dawa, kuna Bohari ya Dawa, kuna mafunzo ya wakunga, na kuna Hazina. Hapo ndipo mtu wa kukaa Dodoma anapohitajika, na kazi yake huchukua miaka.

Nafasi unayopewa itakupandisha moja kwa moja hadi meza ya tatu. Mimi ningependa ufike huko ukiwa umeshashinda angalau kwenye mojawapo ya hizi mbili za chini.

Sababu naitoa kwenye maisha yangu. Mwaka wangu wa kwanza Dodoma nilibeba ripoti nene kuhusu vifo vya uzazi, imechapwa vizuri, ina majedwali. Nikamkabidhi mbunge mmoja wa kamati. Akaifungua, akaniuliza: "Jimboni kwangu vituo vingapi havina damu?" Sikuwa na jibu. Alikuwa mpole, akaniambia nikipata jibu nirudi, akaenda zake. Nililia usiku ule chumbani kwangu, kwa sababu jibu lilikuwepo. Lilikuwa kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za kituo, ambavyo nilivijaza mwenyewe kwa mkono wangu miaka kumi na moja, na sikufikiria kwamba namba zile za kata zilikuwa na thamani kuliko majedwali ya taifa. Mwaka uliofuata nilirudi na karatasi moja moja, kila mbunge na jimbo lake, vituo kwa majina. Walinitafuta wao.

Ndiyo maana nakujibu swali la stashahada bila kusita. Unaweza. Unajua kitu ambacho watu wengi wenye shahada za uzamili hawakijui: ni nini hasa hutokea saa tisa usiku kati ya kabati na kitanda. Lakini usidanganyike kwamba hicho kitatosha siku zote. Nafasi nyingi za sera zitakudai shahada, basi jipangie kuipata, na uzamili uje baadaye, Muhimbili kwa afya ya jamii au Mzumbe kwa uendeshaji wa mifumo ya afya. Usikimbilie kozi kabla hujajifunza kusoma bajeti. Anza mwaka huu: tafuta hotuba ya bajeti ya Wizara ya Afya na ile ya TAMISEMI, soma zote mbili. Utashangaa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya viko chini ya TAMISEMI, hospitali za rufaa za mikoa ziko wizarani. Watu wengi wanabisha hodi wizarani kwa jambo la kituo cha afya, wanapokewa vizuri, wanapewa chai, wanarudi walivyokwenda.

Hiyo ni sehemu kubwa ya kazi, kusoma. Sehemu nyingine ni kusubiri kwenye viti vya mapokezi. Nyingine ni kuandika jambo zito likaenea ukurasa mmoja. Semina za hotelini zipo, sitakuficha, na wapo waliozifanya kuwa ndiyo kazi. Utawajua kwa kuwa hawana namba ya simu ya mkunga hata mmoja.

Na lipo jambo moja la ufundi ambalo nataka ulishike kuliko yote niliyosema: tafuta ahadi iliyoandikwa na serikali yenyewe. Katika mpango wa taifa wa afya ya mama na mtoto wa 2008 hadi 2015, serikali iliandika kwamba nusu ya vituo vya afya vitatoa huduma kamili za dharura za uzazi, upasuaji na damu vikiwemo, ifikapo 2015. Watu wa Utepe Mweupe Tanzania, watetezi wa uzazi salama, wakaikamata sentensi hiyo na kuijengea kampeni waliyoiita Wajibika Mama Aishi. Hawakwenda na ndoto yao, walikwenda na sentensi ya mwenye nyumba, wakamuuliza imefikia wapi. Kiongozi hawezi kukasirikia maandishi yake mwenyewe. Baada ya 2017 vituo vingi vilijengewa vyumba vya upasuaji, labda na chenu ni kimojawapo. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulihesabu vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukahesabu 104. Hakuna kampeni moja inayoweza kujidai kwamba ndiyo iliyofanya hayo, ni kazi ya mikono mingi, na mingi kati ya mikono hiyo ni ya wakunga kama wewe. Lakini ahadi zilizoandikwa zilikuwa na watu wa kuzidai, na nchi ambayo hakuna anayezidai ahadi zake huzisahau kwenye makabati.

Wala mambo hayateremki kutoka juu tu. Mfumo wa mshitiri, yaani msambazaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa, ambao kituo chenu kinautumia dawa zikikosekana Bohari ya Dawa, ulianzia mkoa mmoja wa Dodoma mwaka 2014. Ulipoonekana unafanya kazi, mwaka 2018 ukaenezwa Tanzania Bara yote. Utaratibu mdogo wa boksi lenye kifuniko na daftari la kusaini, ukiandikwa vizuri na matokeo yake yakihesabiwa, unaweza kusafiri hivyo hivyo.

Sasa nikuambie neno gumu, na nakuambia kwa mapenzi. Ule ujumbe wa WhatsApp. Ndugu wa marehemu wamo kwenye kundi la kata? Mume wake? Katika kata ya vijijini huhitaji kumtaja mtu jina. Ukisema "mama wa uzao wa nne aliyefariki juzi" umeshamtaja. Inawezekana mume alijua kwa simu ya jirani kwamba dawa aliyochomwa mkewe ilikaa kwenye joto. Kama bado hujaenda kukaa na familia ile, nenda, ukaongozane na mtu mzima wanayemheshimu. Nenda kwa ajili yao, usiende kwa ajili ya jalada lako la utumishi. Na tangu leo jiwekee mpaka: kifo cha mtu mmoja hakitumiki kama hoja bila ridhaa ya wenye msiba. Hoja yako ni jokofu, ni miezi mitano, ni idadi ya akina mama waliochomwa dawa ile katika muda huo. Hizo unaweza kuzisema mahali popote panaporuhusiwa.

Nasema panaporuhusiwa kwa sababu wewe ni mtumishi wa umma na una kanuni zako. Huwezi kuwa msemaji wa kituo kwa waandishi wa habari. Lakini kikao cha mapitio ya vifo ni chako, tena kifo cha uzazi hutakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24 na azimio la kikao lazima liwe na jina la mhusika na tarehe. "Kuboresha utunzaji wa dawa" si azimio. Omba lirudiwe: nani, nini, lini. Ukitaka kusikika nje ya kituo, jiunge na Chama cha Wakunga kama hujajiunga. Siku ya Wakunga Duniani ni 5 Mei, na angalia kalenda: Bunge la bajeti huwa limekaa. Wenzako wanaokwenda kuandamana na kuimba siku ile wanaweza pia kubeba karatasi.

Kuhusu baba yako. Mheshimu, na usimchukulie kama mzee wa zamani asiyeelewa. Ana hoja. Pensheni ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, inataka michango ya miezi 180, wewe una miezi 108. Fedha za mashirika mengi ya utetezi zinatoka nje ya nchi, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu waliokuwa na mikataba mizuri kuliko huo wako walibeba maboksi yao ndani ya wiki chache. Nilizika ndoto za vijana kadhaa niliowalea kazini mwaka ule. Basi kaa naye, mwonyeshe mkataba, mwache aulize. Mume wako vilevile. Mtu anayesema "amua mwenyewe" huku anaangalia chini ana neno, na halitatoka mpaka muulizane nani atabaki na watoto wiki ukiwa Dodoma.

Na shirika nalo liulize. Mshahara wangu unalipwa na fedha ya nani, inaisha lini? Mna watu kwenye halmashauri ngapi, au mko Dodoma tu? Mnanitaka kwa ujuzi wangu au kwa kisa changu? Hilo la mwisho ulize uso kwa uso. Wapo watakaokusimamisha jukwaani kila mwezi usimulie usiku ule mpaka uishe maneno, kisha mkataba nao uishe.

Uamuzi wangu ni huu: usiandike barua ya kuacha kazi ndani ya wiki tano hizi. Nenda kwa afisa utumishi uulize kuhusu kuazimwa kwa shirika hilo na kuhusu likizo bila malipo, upate majibu ya maandishi. Waandikie wale wa Dodoma kwamba unaitaka kazi, ila utaanza baada ya mzunguko wa bajeti wa halmashauri yenu kumalizika, au waanze kukutumia kwa siku chache chache kwa ruhusa ya mwajiri wako. Wakikubali, wamekuonyesha ni watu wa namna gani. Wakikataa, acha iende, hata kama mshahara utakuuma. Itauma, najua. Ila ukienda sasa utakwenda na kidonda. Ukienda mwakani ukiwa umeshaliingiza jokofu kwenye mpango, ukajua ni nani alipinga na alikubalije, utakwenda na ufundi, na hakuna mtu Dodoma atakayekuzungusha.

Rafiki yako mkunga usimjibu. Amebaki kwenye zamu zako, amechoka. Mpelekee chai, umwambie unahitaji hesabu ya vizazi vyote vya ile miezi mitano kutoka kwenye kitabu cha MTUHA cha wajifunguaji, mkahesabu pamoja. Umeniuliza kama unakimbia. Mtu anayekimbia haandiki barua ya kuuliza kama anakimbia, lakini sitaki ulitegemee jibu langu katika hilo. Utajua mwenyewe siku mtakapokuwa mnahesabu.

Andika ule ukurasa mmoja kwa mratibu wa chanjo. Aya ya kwanza, hali ilivyo. Ya pili, ombi lako na utaratibu wa boksi, kibebeo na daftari. Ya tatu, tamko la WHO na UNICEF. Usiweke neno "kifo" popote. Kabla hujaipeleka nitumie niisome, nitakurudishia na masahihisho ndani ya siku mbili.